Bi. Mumina Aliyeyashtaki Maji Yake Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za sufuria huko jikoni. Leo tunamkumbuka Bi. Mumina Idarusi wa mtaa wa Tena, aliyetutoka Jumanne iliyopita. Bi. Mumina alikuwa mkandaji wa watoto wachanga. Kama ulizaliwa mtaani Tena na shingo yako imesimama wima, huenda ni yeye aliyeinyoosha.

Sifa yake ilikuwa karai la maji moto. Maji ya kutoa mvuke, si ya mzaha. "Huyu akilia mpaka mtaa wa Njiru wasikie, ndiyo ameoga," alikuwa akisema.

Mwaka 1993, miaka sita iliyopita, aliletewa Kaluki, binti wa miezi saba wa dereva Muoki na mkewe Ndindi. Kaluki alikuwa na degedege. Kila lilipomshika, Bi. Mumina aliongeza moto wa maji, eti kumtoa baridi. Tunarudia: degedege likija, maji yanaongezwa moto. Na degedege likazidi.

Nyumbani, mama yake Muoki alishampata mkosaji: Ndindi. Ati kaleta damu mbaya kutoka kwao. Kikao kikapangwa Jumamosi, Ndindi arudishwe kwa wazazi wake, mtoto abaki.

Kabla ya kikao, mifereji ya mtaa ikakauka. Siku tisa nzima. Bi. Mumina akawa anampangusa Kaluki kwa kitambaa cha maji baridi. Siku tisa, hakuna degedege hata moja. Ijumaa maji yakarudi. Akachemsha, akajaza karai. Hata mafuta hajapaka, macho ya mtoto yakapinduka.

Bintiye, Fatu, anakumbuka: "Mama aliyamwaga maji yote uani. Mama, kumwaga maji moto! Nikadhani na yeye ameugua. Kisha akaniuliza, 'Nikilisema hili, nani tena ataniletea mtoto?'"

Jumamosi alikwenda kikaoni. Ndindi alishafunga nguo zake.

"Muoki mwanangu, usimfukuze mwenzio," akasema. "Mtoto anachokozwa na maji yangu."

Mama mkwe akaruka. "Kumbe mchawi ni wewe!"

"Ningekuwa mchawi, mama, ningeanza na wewe, ulivyonona hivyo. Twende hospitali."

Muoki akacheka kabla hajajizuia. Kikao kikavunjika. Jumatatu wakaenda wote.

Daktari akawaeleza taratibu. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na zina kitu kama breki. Jeni ni maagizo ya mwili ya kuunda vitu kama hivyo. Agizo moja likibadilika, breki hulegea, ubongo husisimka kupita kiasi, na degedege huja. Homa au maji moto huuchokoza tu. Ugonjwa kama huo pia huweza kumchelewesha mtoto kusema na kutembea.

"Ni jeni ipi, hatujui bado," alisema daktari. "Na badiliko laweza kuanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili hawana. Mama hajakosa."

Mama hajakosa, wasikilizaji. Ndindi alilia pale pale kwenye benchi.

Bi. Mumina alilipia ukweli wake. Miezi minane hakuna aliyebisha mlangoni pake. "Nimepumzika kama waziri," aliwatania majirani, huku jiko lake limepoa. Kisha Ndindi akambeba Kaluki, akapita nyumba kwa nyumba akisimulia. Kina mama wakarudi mmoja mmoja.

Kaluki sasa ana miaka sita. Degedege bado humjia, ila mara chache, na dawa anakunywa. Maneno yake ni machache. Mazishini, Ndindi alisema: "Walitaka kunitenga na mwanangu. Huyu mama alikubali jina lake liharibike, mimi nibaki naye. Leo asubuhi nimemsuka nywele mwenyewe."

Fatu, na jamaa yote ya Idarusi, poleni sana. Mungu amrehemu mama yenu, nasi tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mama huyo.

Na wewe unayesikiliza, kuna mama hapo jirani mnayemlaumu kwa ugonjwa wa mwanawe? Zima redio. Nenda kambishie hodi.