Gwakisa, Kaka Aliyeandika Kwamba Sijui

Marehemu kaka yetu Gwakisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 katika vilima vya Itumba, mtoto wa kwanza wa mzee Ambilikile na mama Tabita. Mimi ninayesoma wasifu huu, Andongwisye, nilimfuata baada ya mwaka na nusu.

Siku ya kuandikishwa shule, mwaka 1940, mwalimu alituambia tupitishe mkono juu ya kichwa tushike sikio la upande wa pili. Mkono wa kaka ulifika. Wangu ulipungukiwa kidole kimoja. Mwaka uliofuata mkono wangu ulifika, lakini baba akasema, "Ng'ombe hawajichungi." Kaka akasoma hadi darasa la nane, huko Mbozi. Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Tupokigwe. Binti huyo nilimwona mimi kwanza, kisimani. Kaka akamwandikia barua. Utashindana vipi na barua?

Alikuwa karani wa ushirika, na mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, akawa katibu. Kwenye mtihani wa kisomo cha watu wazima, mwaka 1975, ndiye aliyetupima. Mbele ya jina langu aliandika: "Hajafuzu." Novemba ikaja amri tupande mahindi kabla ya tarehe kumi na tano. Nilisema mvua hii inadanganya, tungoje ya pili. Kaka akacheka, "Mdogo wangu, jina lako tu huliandiki, mvua utaisomea wapi?" Tukapanda. Mahindi yakaota, jua likayachoma yote. Ripoti yake ikasema wanakijiji walichelewa kupanda kwa uchochezi wa Andongwisye! Nikatolewa kwenye kamati ya kilimo. Loo, hata niliopanda nao siku ile ile wakaanza kukumbuka kwamba tulichelewa.

Februari mwaka huu, 1984, alianza kuugua figo, nami nikamuuguza. Siku moja alisema, "Ile ripoti ilikuwa uongo. Wewe ulijua." Nikamwambia, "Iandike, kaka." Akasema watu watamcheka. Alifariki tarehe 9 Agosti, saa tano asubuhi, bila kuandika.

Mmejaa hivi kumlilia. Mimi sidhani mtajaa hivi kunililia, na roho inaniuma. Jana nilimweleza mwenyekiti wetu, ndugu Watson, maneno ya kaka. Akaniuliza, "Yameandikwa wapi?"

Basi nimeyaandika hapa, kwa herufi nilizojifunza baada ya ule mtihani, mnayo mikononi.

Marehemu ameacha mjane, Tupokigwe, watoto watano, wajukuu watatu, na mdogo wake, Andongwisye, aliyejua. Bwana ampe kaka yangu pumziko la amani.