Mlango wa Mita Tatu

Kijiwe chetu hapa Turwa ni benchi moja, birika la Robi muuza kahawa na midomo minne isiyojua kupumzika, wangu ukiwemo. Okal, fundi cherehani, ndiyo kwanza ametoka hospitali. Presha ilimwangusha chini, tukaanza kumlilia mapema. Jana asubuhi alikuja na kijiti, akainama, akachora nyumba kwenye vumbi.

— Najenga kijijini, akasema. Mmesahau ya Odoyo? Kaishi vyumba vya kupanga maisha yake yote. Alipokufa, asubuhi wakamjengea kibanda cha mabati ili awe na boma la kuzikwa, jioni wakamfukia. Mimi sizikwi kama mpangaji!

— Haki yako, mura, akasema Nashoni, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege. Mlango weka mita mbili. Jeneza lisikwame.

— Mbili wapi? akadakia Ezekiel. Huyu Ezekiel tunamwita Matanga, maana msiba haumpiti. Wabebaji sita hao! Weka tatu. Na uwanja wa mahema manne.

— Matano, akasema Okal. Ndugu zangu wa Kenya hawajagi wachache.

— Basi na maegesho. Na kibaraza cha mwenye spika.

— Na dirisha kubwa, mpiga picha apate mwanga, akaongeza Injinia. Watu wajue Okal alikuwa nani!

Okal akachora vyote. Uso ulimchangamka, nasema kweli. Hatukuwa tumemwona hivyo tangu augue. Robi akamimina kahawa huku anaguna tu.

Ndipo akafika Atieno, mke wa Okal, na chupa ya uji na dawa za mumewe. Akatusalimia, akauzunguka ule mchoro taratibu, asikanyage ukuta.

— Ni yetu hii?

— Yetu, mama Dorah.

— Jiko liko wapi?

Injinia akatazama mlango wake. Matanga akahesabu mahema upya, kimoyomoyo.

— Na kitanda? akauliza Atieno, wala hakuwa na hasira.

Mimi niliona aibu, nikanyoosha kikombe; Robi akainamisha birika, likatoka tone moja, basi.

Okal akameza dawa zake. Kisha akafuta hema la kwanza kwa kisigino, na la pili, akaokota kijiti.

— Mama Dorah, wewe unapenda kupika ukitazama wapi?