Bi Kalamu na Mwamba Aliouhamisha

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kalamu, alizaliwa tarehe 9 Februari, mwaka wa kwanza wa Dola ya Visiwa, siku arobaini baada ya visiwa vyetu vitano kupandisha bendera moja. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi makanika wa bandarini na mshona matanga. Bibi yetu alipenda kusema kwamba amezaa pacha, mmoja wa damu na mmoja wa bendera, na kwamba huyu wa bendera ndiye mlafi.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya ghala la kamba, kisha akaingia Chuo cha Ubaharia. Wasichana hawakuruhusiwa kushika usukani, kwa hiyo walifundishwa kuchora. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa wenzake wote, ndipo mwalimu akampa jina la Kalamu, likamganda.

Mwaka wa ishirini aliajiriwa katika Chumba cha Ramani, ghorofa ya pili ya Ofisi ya Bandari. Humo mlikuwa na meza mbili. Kwenye moja ilichorwa ramani ya ndani, ambayo ilifungiwa ndani ya kasha la chuma. Kwenye ya pili ilichorwa ramani ya wageni, iliyopewa meli za nje. Manahodha wetu waliambiwa kwamba ya wageni ina maelezo machache tu. Watu wanne peke yao ndio walioujua ukweli, na mama alikuwa mmoja wao: ramani ya wageni ilikuwa ya uongo. Katika mkondo wa kaskazini, mwamba ulichorwa maili mbili kusini ya mahali ulipo. Mgeni aliyejaribu kupita peke yake alipasua meli. Aliyeogopa alimlipa rubani wetu amwongozee meli. Hivyo ndivyo Dola ilivyonenepa. Shule tulizosoma, taa za barabarani, meli sitini zenye rangi ya bluu, vyote vilisimama juu ya mwamba usiokuwapo. Mama ndiye aliyeuchora, kwa mkono ule mtulivu.

Tarehe 2 Septemba, mwaka wa ishirini na tatu, aliolewa na baba yetu, nahodha wa meli za masafa marefu. Baba aliweza kukuonyesha njia kwa nyota, lakini nyumbani hakuwahi kuona kandambili zake.

"Mama watoto, viatu vyangu viko upande gani wa dunia?"

"Viko kusini mwa uvivu wako, Nahodha. Inama."

Walicheka sana wale wawili. Lakini kiapo cha Chumba cha Ramani kilikataza siri isisikiwe hata na mto wa kulalia, na mama alikishika. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakumwambia mumewe neno.

Tarehe 17 Juni, mwaka wa thelathini na saba, baba alipangiwa ghafla kupeleka abiria kisiwa cha juu, kwa mkondo wa kaskazini ambao hakuwahi kuupita. Aliomba ramani ya ndani. Karani akamjibu, "Ufunguo uko na mkuu, na mkuu yuko ziarani. Chukua hii tu, Nahodha. Si kachora mkeo?" Baba akacheka, akaichukua. Saa saba mchana meli ilipanda mwamba. Walikufa abiria arobaini na mmoja, na baba pamoja nao.

Siku moja kabla ya baraza la uchunguzi, mkuu wa ofisi alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Shemeji," alisema, "ukikiri kwamba ramani ni ya uongo, hakuna meli itakayotuamini tena. Watu laki moja watakula nini?"

"Na mume wangu?"

"Mumeo amekwisha kufa. Dola bado iko hai."

Kesho yake, mbele ya wafiwa, mama aliulizwa kama ramani ilikuwa sahihi. Akajibu, "Sahihi." Baraza likaandika kwamba nahodha alikuwa amelewa. Yeye, ambaye hata dawa ya kikohozi aliinywa kwa kubembelezwa. Jina lake likakataliwa kwenye ukuta wa mabaharia waliofia baharini, na sisi tukakua tukiitwa watoto wa mlevi. Mama alisikia. Aliendelea kupika.

Dola haikuokoka kwa uongo ule. Wageni walikuja na vyombo vyao, wakaipima bahari wenyewe, wakaukuta mwamba ulipo. Tangu hapo hawakutaka rubani wetu, wala ramani yetu, wala neno letu. Meli ziliuzwa moja moja, na mwaka wa arobaini na tisa bendera ilishushwa na watu wa bara.

Mama alikwenda mara nne katika ofisi za serikali mpya kuomba aufute ushahidi wake. Mara ya nne kijana wa mapokezi alimwambia, kwa adabu kabisa, "Mama, kesi hiyo ni ya serikali iliyokufa. Sisi tulirithi majengo. Makosa hatukuyarithi." Hakurudi tena.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Mwezi Machi, akiwa amelazwa, alimwita mwanawe wa kwanza, ndiye anayewasomea, akamwamuru aandike haya yote. Mwana alipomwambia yamepita, alijibu, "Hayajapita. Niliyaruka mimi, nikawaachia ninyi mjikwae." Mdogo wetu alipinga. "Dada, tumzike mama, tusilizike na jina lake." Mama akamtazama. "La baba yako mlizike mara ngapi?"

Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Kwa amri yake tunatamka, kwa kuwa hakuna ofisi itakayotamka: baba yetu hakuwa amelewa. Alifuata ramani aliyopewa, naye aliamini mkono wa mkewe.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia wajane, wagane na mayatima wa abiria arobaini na mmoja, ambao baadhi yenu mko hapa, mmebeba maua, na mmemjua miaka yote hii kama mjane mwenzenu. Alisema asiyetaka kumtilia udongo asilazimishwe, na asilaumiwe. Tutasubiri. Maua yawekeni au mrudi nayo.

Apumzike kwa amani, mkimruhusu.