Dobi na Jirani wa Ukuta Mmoja

Mchungaji, wazee wa kanisa, wajomba na mashangazi, majirani, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na nitasoma kama nilivyoandika jana mchana na kumalizia leo asubuhi, bila kuinua macho, kwa sababu tangu Jumanne kichwa changu kimekuwa kama nyumba iliyohamwa, nikiiacha karatasi hii sina la kusema.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne wa mpiga chapa na mkewe, akabatizwa mwaka uleule. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, hakuendelea mbele, kwa kuwa bibi yetu mzaa mama aliugua mgongo na ilibidi mtu abaki nyumbani, na aliyebaki ni yeye. Alisoma kwa kidole mpaka mwisho wa maisha yake, mstari kwa mstari, na ukimharakisha alianza upya.

Jumatatu tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali kuu, katika chumba cha kufulia kilicho chini ya wodi ya wanaume, akafanya kazi humo miaka thelathini na sita hadi alipostaafu mwaka 2012, na waliofanya naye kazi wanasema angeweza kukuambia hali ya mgonjwa kwa kutazama shuka yake tu. Jumamosi tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, aliyetutangulia mwaka 2008, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1981, mdogo wangu wa kiume mwaka 1984, na wa tatu mwaka 1989 aliyeishi siku tisa, ambaye mama alimhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mlinishauri niparuke. Nyumba yetu na nyumba ya Mwalimu zinagawana ukuta mmoja. Mwalimu ni mwanamke aliyefundisha hesabu, watu wengi hapa walipita mkononi mwake na wengine kwenye fimbo yake, na mwezi wa Januari 1995 aliandika barua mbili, moja kwa hospitali na nyingine kwa wazee wa kanisa, akisema kwamba mama anaiba shuka za wagonjwa, kwa sababu aliona kwenye kamba yetu shuka zenye ukingo wa buluu. Zilikuwa shuka za bibi yetu. Mama alisimamishwa kazi miezi mitatu, akatolewa kwenye uongozi wa akina mama, na mimi niliyekuwa nianze sekondari muhula ule nikabaki nyumbani nikimenya viazi. Shuka za hospitali zilipohesabiwa haikupungua hata moja, mama akarudi kazini mwezi wa Aprili, na hakuna aliyekuja kusema samahani. Nayasoma haya mbele ya watu kwa sababu Mwalimu mwenyewe yupo, ndiye yule kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, jana nilimsomea sehemu hii nikimwomba ruhusa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haikuwa Februari, ilikuwa Januari. Sahihisha." Nikasahihisha.

Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2011, asubuhi, mama akiwa anajifunga kitambaa aende zamu, alisikia kitu kizito kikianguka upande wa pili wa ukuta, akaita mara mbili, hakujibiwa, akamwita jirani fundi bomba wakavunja kitasa, wakamkuta Mwalimu sakafuni, kiharusi kimemlaza upande wa kushoto. Mwanawe wa pekee anaishi mbali na huleta salamu. Tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mama alifungua mlango ule, akamgeuza, akamnawisha, akambadilisha shuka, akamchana nywele, ndipo akaenda kwenye shughuli zake, kwa miaka kumi na tatu.

Msidhani palikuwa na nyimbo. Mwalimu alilalamika maji ni baridi, kesho yake akalalamika yanaunguza, na mama alipomsomea Biblia kwa kile kidole chake, tulisikia ukutani, "Hiyo ni koma, si shimo! Pita!" Mama naye hakuwa malaika, kuna siku alirudi akitupa sufuria, akasema yule mwanamke Mungu alimpa ulimi kwanza, mwili ukafuata. Shangazi alimwambia, "Wifi, tenda wema uende zako," akajibu, "Niende wapi, na ukuta ni mmoja?"

Mimi nilikaa na kinyongo, sitawaficha. Siku moja nilimzuia mlangoni nikamuuliza, "Mama, si huyu aliyekuvua heshima?"

"Ndiye."

"Sasa?"

"Sasa shuka imelowa."

Nilipoendelea kumsonga aliweka ndoo chini, akasema Bwana aliosha miguu ya wote waliokuwa pale mezani, hakumruka hata yule aliyejua atamuuza, "na mimi ni nani nianze kuchagua vidole?" Hakuwahi kunihubiria zaidi ya hapo.

Mwezi wa Juni 2023 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wakakuta moyo umepanuka, akapewa dawa na kuambiwa apumzike, akapumzika kwa kuibeba ndoo nusu badala ya kuijaza. Ijumaa tarehe 24 Januari mwaka huu alishindwa kurudi kutoka kwa Mwalimu, tukamkuta amekaa kwenye ngazi akihema, akalazwa siku hiyohiyo. Akina mama wa kanisa walipokezana kwa Mwalimu, wawili walirudi wakilia, mmoja akaapa harudi tena. Siku ya Jumapili kabla hajafariki mama alinipa ufunguo wa Mwalimu, nikamwambia, "Mama, mimi siwezi, na unajua kwa nini." Alisubiri pumzi imrudie, akasema, "Sijakuomba umpende. Nimekuomba maji yawe ya vuguvugu." Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nane mchana, mdogo wangu akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa korido nikijaza fomu.

Leo asubuhi, kabla ya kuvaa nguo hizi, nilikwenda. Mwalimu alisema, "Umechelewa dakika ishirini." Nilimgeuza, nikamnawisha, nikamvalisha gauni jeusi aliloliomba. Sikusikia huruma, sikusikia hasira, sikusikia kitu. Nilipomaliza alikuwa msafi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, madobi wa hospitali walioleta shuka waliyoifua wenyewe ili mama alazwe juu yake, fundi bomba, wanakwaya, na majirani waliopika na kuosha vyombo siku zote hizi. Wengi wenu mmetushika mkono mkiuliza mtusaidie nini. Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari lenye siku za wiki, mimi nimechukua Jumatatu na Jumatano, mdogo wangu Jumamosi, mchungaji ameandika jina lake Jumapili kabla ya ibada, Ijumaa amechukua yule mama aliyeapa harudi. Jumanne na Alhamisi hazina mtu. Ni saa kumi na mbili kamili, Mwalimu hapendi kusubiri.

Mama, pumzika kwa amani, leo ameshanawishwa.