Kaka Yetu na Herufi M

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, poleni na asanteni. Mimi ni dada yake marehemu, wa tatu kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamfunika. Nitayasoma yote, pamoja na yale mnayonong'onezana huko nyuma tangu Jumatatu. Mkewe ndiye aliyeniambia, "Wifi, soma yote, usinifichie kitu." Kwa hiyo asiyetaka kusikia azibe masikio.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba alikuwa fundi wa breki za treni, mama alifulia watu nguo. Mama alisema alichelewa sana kuongea, hata majirani wakaanza kumwita bubu. Alipoanza, wakajuta.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni aliyoimaliza mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga. Kila alipofeli aliadhibiwa kupanga vitabu vya maktaba, na humo akakuta kamusi nene ya Kiingereza iliyokuwa ikizuia mlango usijifunge. Akaisoma kama wenzake walivyosoma hadithi. Maneno ya kila siku hayakumshughulisha, alisema hayo yana watu wao. Yeye alipenda yale ambayo hata Waingereza wenyewe wameyasahau. Aliyaonea huruma kama mtu anavyowaonea huruma yatima, akasema atalitamka kila moja walau mara moja kabla halijafa. Wadogo zake tukimtazama akila, alituambia tuache "groaking", yaani kukodolea macho sahani ya mwenzio ukitumaini utamegewa. Mimi sikuwahi kulionea huruma neno la Kiingereza, hasa nikiwa na njaa.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji kuwa msoma prufu, kazi ya kupitia kurasa na kukamata makosa kabla mtambo haujaanza. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, taa ya meza imeinamishwa, vidole vyeusi kwa wino, hadi alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2011. Wenzake walimwita Mzee Herufi kwa sababu aliweza kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya irabu. Msimamizi wake alikuwa akimfokea, "Herufi moja tu hiyo, bwana, nani ataiona?" Kaka alisahihisha, akarudisha karatasi, mtambo ukawashwa.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na wifi yetu huyu mnayemwona mbele, ambaye wakati huo alikuwa akishona sare za wauguzi. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, tumbo lake lilinguruma ukumbi mzima ukasikia. Mtu mwingine angekohoa. Kaka alisimama akasema, "Samahani wazee, hiyo ni borborygmus." Baba mkwe akageuka mlangoni na kusema, "Mwambieni aingie, mbona mnamwacha nje mgeni?" Wifi alicheka mpaka akatolewa nje, na kule nje akaamua kuolewa. Walijaliwa binti wawili na kijana mmoja.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa, na hapa naomba utulivu. Kisukari kilimwingia mwaka 2009. Mwaka 2016 alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alikuwa msiri wa maumivu. Nyumbani alisema "nipo, nashukuru", ya moyoni akayabeba mwenyewe. Tarehe 3 Juni mwaka huu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, pamoja na mkono wa kuandikia. Ulimi ukawa mzito, na midomo haikukutana tena vizuri. Jaribuni hapo mlipo kutamka M bila kufunga midomo. Haitoki. Inatoka N.

Wiki ya pili wodini, daktari kijana alimuuliza kwa Kiingereza kinachomsumbua. Kaka alifurahi kuulizwa kwa Kiingereza, nadhani. Akajikaza, akatoa neno moja, na wodi nzima ikasikia "fornication". Yaani zinaa. Neno hilo analijua kila aliyewahi kukaa kwenye mahubiri ya Kiingereza, na wifi amekaa kwenye mengi. Daktari akashusha macho kwenye faili. Wifi akasogea kitandani.

"Wewe? Baba watoto?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nikiwa ndani ya nyumba?"

Akakubali.

"Wangapi?"

"Wengi," akasema. "Wadogo. Kila usiku."

Mwanamke gani angeuliza la nne? Wifi aliweka chini kikombe cha uji akatoka. Aliporudishwa nyumbani, kaka alilazwa chumba cha uani. Wifi hakumnyima kitu: alimlisha, akamwogesha, akambadilishia shuka, lakini mdomo aliufunga. Alimleta kiongozi wetu wa dini amwombee toba ya zinaa, kwa sauti ya chini, na kaka akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Alidhani anaombewa miguu.

Alipoona Kiingereza hakimsaidii, na ulimi unazidi kuwa mzito, alirudi kwenye Kiswahili. Kila wifi alipoingia na beseni alimwita, "Sisi... sisi..." Anajikaza, jasho linamtoka, anarudia, "Sisi." Wifi alimjibu mara moja tu, miezi yote ile. Alimwambia, "Hakuna sisi tena."

Jumatatu tarehe 21 Novemba, asubuhi, aliita tena. Wifi alikuwa chumba cha pili anakunja nguo. Akamwambia binti mkubwa, "Nenda wewe." Binti alikuta kisigino cha kushoto kinasugua shuka, na shuka limetoboka hapo. Kikasugua kidogo, kikaacha. Kaka yetu alikuwa amekwenda.

Jumanne alikuja fundi mpanga herufi aliyefanya naye kazi tangu ujana. Alisikia mnong'ono uani, akauliza ni neno gani hasa alilosema. Wakamwambia. Mzee wa watu akakaa chini palepale kwenye saruji.

"Jamani, mmemhukumu mtu bure," alisema. "Hilo alikuwa analisema hata kazini. Anavua viatu chini ya meza, anasema leo formication imezidi. M, si N! Tulimcheka sana, mpaka akatufafanulia. Linatokana na Kilatini, sijui mdudu gani... Ni kuhisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Ugonjwa wake wa sukari ule."

Wifi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. "Sisimizi," alisema. Halafu akalisema tena polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma, na alipofika kwenye M akashindwa kuendelea. Vikombe vyote vilianguka.

Basi mmejua. Wengi, wadogo, kila usiku: walikuwa sisimizi. Kaka yangu hakuzini. Alichokuwa akiomba tangu Juni ni kukunwa miguu. Nina hasira, sitawaficha, na sijui niipeleke wapi. Daktari alikuwa mtoto. Wifi alisikia kile ambacho masikio yoyote yangesikia, na yeyote atakayemnyooshea kidole baada ya leo aanze na mimi. Lakini mliompeleka marehemu huyu sokoni na kisimani kabla hajapoa, mliomfanya mzinzi kwenye foleni ya maji, kama habari ile mlivyoisambaza kwa mbio, isambazeni na hii. Kwa mbio ileile.

Marehemu ameacha binti wawili, kijana mmoja, wajukuu sita, wadogo zake wanne, na mke. Mke mmoja, wa kwanza na wa mwisho, na hakuwahi kuwa na mwingine mchana wala usiku.

Kwenye programu zenu mtaona mstari wa mwisho umeachwa wazi. Si kosa la mchapaji. Hapo ndipo huwa tunamtakia marehemu apumzike kwa amani, na wifi ameniomba maneno hayo nisiyaseme mimi. Ana siku nyingi hajazungumza na mumewe.

Wifi, sogea. Tunakusubiri.