Kiraka cha Uzi Mwekundu

"Mungu awabariki wale wa mtandaoni popote walipo," alisema fundi cherehani aliyeketi mbele yangu kwenye basi, akimwonyesha jirani yake video ya mateka wa vita waliofunikwa nyuso. "Huyu wa mwisho ni mwanangu. Kiraka cha kiwiko nilikishona mimi kwa uzi mwekundu, wa kijani uliniishia. Nikaeleza mtandaoni. Watu nisiowajua wakalinganisha ukuta ulio nyuma yao na picha za setilaiti, wakautambua mji. Sasa watu wa misaada wanamtembelea, mzee wangu, na salamu zinafika!"

"Nashukuru pamoja nawe, mama," alisema jirani, askari mstaafu. "Ila adui naye ana macho hayo hayo. Sisi tulipigwa mabomu kwa sababu ya picha aliyojipiga mwenzetu akinyoa ndevu, akaiweka mtandaoni."

"Mimi wamenionyesha mtoto."

"Mimi wamenizikisha watoto wa wenzako."

Mimi nilikuwa natazama dirishani, masikio nimeyaacha kwao.

Basi likasimama, wote tukashuka. Mama akamwomba mzee ampige picha ya kumpelekea mwanawe. Mzee akamgeuza taratibu mpaka kibao cha kituo kisionekane.

"Sasa cheka," akasema. "Akuone wewe tu."