Bwana Kimya Aweka Kasia Chini

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi alasiri, Bwana Kimya atatundika kasia lake kwenye msumari wa tatu wa banda letu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza wageni kwenye mikoko. Msumari huo naomba usiguswe na mtu.

Jina hilo alipewa na wageni. Sisi wa nchi kavu tunajua kwamba ukimpa kiti na kikombe cha chai, umekwisha, maana hanyamazi. Kazi hazifanyiki tena. Majini ni habari nyingine. Kasa akitoa kichwa kupumua, Bwana Kimya hunyanyua kasia juu, na msafara wote hunyamaza. Walio kwenye kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kuketi, huacha kupiga makasia. Waliosimama kwenye mbao za kuelea hupiga magoti, maana anayestaajabu akiwa amesimama huishia majini, na kasa naye haonekani tena siku hiyo.

Alianza kazi kwa kuziba matobo ya kayaki. Mwaka wa tatu akapewa kundi lake la kwanza, na tangu hapo hajapoteza mgeni hata mmoja. Amepoteza miwani miwili, viatu vitatu, vyote vya kushoto, na siku moja kayaki yake mwenyewe, iliyochukuliwa na maji huku yeye akiwafundisha wageni, kwa kirefu, namna ya kufunga kamba. Mkewe hajaacha kumcheka mpaka leo.

Ni yeye aliyempa jina Shangazi, yule kasa mkubwa mwenye pengo kwenye gamba, kwa sababu huja bila taarifa, hukagua kila mtu, kisha huondoka bila kuaga.

Sasa nikiri jambo. Mimi wa mapokezi, ninayejibu simu zenu, nimewasifia wageni huyo Shangazi kwa miaka kumi na minne kana kwamba tumekua naye. Sikuwahi kumwona. Naogopa maji tangu utotoni, kaka yangu aliponitumbukiza mtoni kwa mzaha. Bwana Kimya aligundua wiki yangu ya kwanza kazini, na hakumwambia mtu. Ila kila alasiri alikuja kukaa mbele ya meza yangu, nguo zikimchuruzika, akinisimulia alichokiona siku hiyo, mpaka lile doa la manjano chini ya jicho la Shangazi. Nilidhani ni domo lake tu. Mwaka huu ndipo nilipoelewa: alikuwa ananipa maneno ya kweli, nisije nikawadanganya watu. Nikaanza kukosa usingizi. Akiondoka, nani atanisimulia?

Jumanne iliyopita alikuja, akaweka jaketi okozi juu ya daftari langu la wageni, akatoka nje kunisubiri. Tulipanda kayaki ya watu wawili, yeye nyuma. Nilishikilia kingo za kayaki kwa mikono miwili mpaka kona ya kwanza ya mikoko. Kwenye kona ya pili, kasia lake likanyanyuka.

Doa la manjano lipo. Nililia, na sioni aibu kusema.

Asante, mzee wetu. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na viatu vya pande zote mbili. Kiti chako mbele ya meza yangu hakiondolewi. Njoo alasiri yoyote ukae. Sasa ni zamu yangu kusimulia.